Kitenzi Kimoja, Mikia Kumi na Miwili

Tangazo lilibandikwa kwenye lango la kiwanda cha dobi asubuhi, na ilipofika saa nne Shahada alikuwa ameshalisoma mara tatu. Anatafutwa msimamizi wa zamu miongoni mwa wafanyakazi, mshahara mnono, sharti ajue Kiingereza. Shahada hakuitaka hiyo kazi. Yeye na kazi walikuwa wameachana zamani, tena kwa amani. Alichokiona ni wanaume saba wafua mashuka ya hoteli, wamesimama mbele ya karatasi ile wakimeza mate, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa jicho baya.

"Kiingereza ni nini, ndugu zangu?" aliuliza, akiiweka sawa tai yake. "Ni kitenzi kimoja tu. Get! Hicho ndicho kichwa. Kitie mkia, kinageuka. Get up, umeamka. Get off, umeshuka. Get over, umepona. Wenyewe wanaishi hivyo hivyo, basi tu hawapendi tujue."

Jina la Shahada alijipa mwenyewe. Chuo kilichompa bado hakijajengwa.

Jioni ile ile akapata chumba nyuma ya duka la kinyozi. Fedha hakugusa. "Fedha huichafua elimu," alisema kwa huzuni, akapokea vitu: redio, saa ya ukutani, simu, feni. Kichwa alikitoa bure, mikia ndiyo iliyolipiwa. Tena hakufundisha darasa zima. Alimwita mmoja mmoja, akafunga mlango, akanong'ona: "Huu mkia nakupa wewe peke yako. Ukimwambia mwenzako, umempa cheo." Wote saba walitoka mle na mikia ile ile kumi na miwili, wakaenda kuificha kama wevi.

Baba Pacha, mmoja wa wale saba, alilipa kwa pasi ya umeme ya mkewe.

"Tukipata usimamizi nitakununulia mbili," alimwambia.

"Na mashati ya watu yaliyojaa kapuni, niyanyooshe kwa kiganja?" aliuliza Mama Pacha.

Huyu mama aliwapigia pasi mtaa mzima, na kwa pasi ile pacha walikula, wakavaa, wakasoma. Sasa ilibidi aazime pasi ya mkaa kwa jirani, ikamtemea cheche na kumtobolea shati la mteja wa kwanza. Alilia kwa hasira. Kisha akafuta machozi, akaendelea, kwa sababu kapu lilikuwa halijapungua.

Sasa, mpiga pasi yeyote hupekua mifuko kabla ya kunyoosha nguo. Katika shati la mume wake alikuta karatasi yenye mistari kumi na miwili. Katika shati la mpakiaji wa kiwandani, mmoja wa wale saba, karatasi ile ile, na onyo ameliongeza chini. Shati la saba lilipopita mikononi mwake, Mama Pacha alikuwa ameshaelewa somo zima la Shahada kuliko Shahada mwenyewe.

Akachukua daftari la zamani, akanakili karatasi ya mpakiaji neno kwa neno, na onyo lake. Kitu kimoja tu alibadilisha: kila palipokuwa na get, aliandika take, neno aliloliona kwenye kitabu cha shule cha watoto.

Kumbe huko kwa kinyozi mambo yalikuwa yamembana Shahada. Mikia ilikuwa imekwisha, na wanafunzi walitaka kitenzi cha pili kabla ya usaili wa Jumatatu, la sivyo kila mtu achukue chake. Mama Pacha alimkuta amekaa katikati ya maredio, kichwa mikononi.

"Mwalimu, marehemu baba yangu aliwapikia wazungu miaka ishirini," alisema kwa sauti ya chini. "Aliacha daftari hili. Kitenzi kizima, na mikia yake."

Alimwonyesha Shahada mstari wa kwanza tu: "Take up." Moyo ukamruka. Kwa kitenzi kipya angeweza kudai hata majokofu.

"Nikupe pasi yako, dada yangu."

"Vyote."

"Vyote? Huna huruma?"

"Basi niwapelekee wenyewe wale saba."

Dakika kumi baadaye mkokoteni uliondoka na vitu vyote, naye Shahada akaita darasa. Safari hii hapakuwa na muda wa kunong'ona. Aliwaketisha wote saba pamoja, akafungua daftari, akasoma kwa madaha.

"Take up, kuamka. Take off, kushuka. Take over, kupona."

"Hebu ngoja," alisema mpakiaji. "Hiyo kupona ni yangu. Niliitolea redio."

"Yako vipi? Mimi niliitolea saa ya ukutani!"

Shahada akaona salama yake ni kusoma haraka zaidi, akasoma mpaka mstari wa mwisho kabisa: "Usimwambie mtu yeyote, hasa Baba Pacha."

Kinyozi alisimulia baadaye kwamba mtu alipita dukani kwake mbio, daftari mkononi na kiatu kimoja mguuni, hata hakuaga.

Wale saba walifuata njia ya mkokoteni, wakafika kwa Mama Pacha wakihema. Vitu vyao vilikuwa vimepangwa mezani.

"Chukueni vyenu," alisema.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mpakiaji akakohoa. "Lile daftari, shemeji, uliliandika wewe?"

"Mimi."

"Lote?"

"Lote."

Wakatazamana.

"Basi Kiingereza ni chako!" alisema mpakiaji. "Yule alikuwa anasoma tu. Na usaili ni Jumatatu."

"Mimi nimesema siku zote, mke wangu ana akili," alisema Baba Pacha. Akasonga mbele ya wenzake wasije wakamwahi, akainyanyua pasi pale mezani, akamkabidhi mkewe kwa mikono miwili. "Ada yangu hii."

Mama Pacha aliipokea. Akaitazama, akamtazama na mtoaji. Kisha akaichomeka kwenye umeme, akamrudishia, akamsogezea na kapu la mashati.

"Haitoshi," alisema. "Anza na hayo."