Baba Mgonjwa Aitwaye Barrio

Leo nimeumbuliwa, tena nikiwa nimekalia kiti cha heshima.

Mnanijua, mi mtu wa nyumbani. Vita vimenipa sababu tu (hata kabla ya vita sikuwa naenda popote). Kila Jumapili alasiri, mapema kabla ya couvre-feu, saa ya marufuku ya kutoka nje, wamama wa mtaa wetu hapa Gitega wanajazana kwa Mama Zaituni kutazama feuilleton, tamthilia ya kwenye runinga. Inaongea Kifaransa. Mimi ndiye niliyefika sekondari, kwa hiyo natafsiri. Kiti cha mbele changu, chenye mto. Chai ya kwanza yangu.

Shida ni neno moja la Kihispania ambalo walioitia Kifaransa waliliacha humo: barrio. Msichana analia, barrio hivi, barrio vile. Sikulijua. Ningesema sijui? Na kiti je? Nikawaambia Barrio ni baba yake, mgonjwa, yuko ng'ambo. Miezi miwili Mama Zaituni anamwombea dua apone!

Leo kaja Zuberi, mtoto wa shangazi yangu, kutoka Muyinga. Huko anamfanyia useremala padri Mhispania, na Kifaransa pia anakijua. Mama Zaituni akamuuliza kwa upole:

"Mwanangu, huyu mzee Barrio atapona?"

"Mzee gani? Barrio ni mtaa, mama! Mtaa wa watu wa hali ya chini, kama huu wenu. Matajiri wakilitaja neno hilo wanakunja pua. Waliozaliwa humo wanalitaja kama jina la mama yao."

Wamama wote wakanigeukia.

"We Hamisi! Nimeombea mtaa?"

(Ardhi ya Gitega ngumu, jamani. Haikupasuka.)

"Haidhuru," akasema. "Mtaa nao unaumwa miaka hii. Lakini we, toka kwenye kiti!"

Nikahamia mlangoni, kwenye viatu. Zuberi akakaa, akatafsiri sawasawa kabisa. Neno kwa neno! Watu wameshaachana, yeye bado yuko kwenye salamu. Mara msichana akaangua kilio mbele ya tajiri aliyekuwa mpenzi wake.

"Anasema nini?"

"Anasema chai imepoa."

"Analia hivyo kwa ajili ya chai?"

"Ndivyo alivyosema, mama."

Sikuvumilia. Kutoka kwenye viatu nikapaza sauti: "Anasema, ulinimimina mwenyewe, ukaniacha nipoe!"

Weee! Vigelegele! Mama Zaituni akajifuta macho kwa kanga.

"Zuberi mwanangu, umesoma. Inuka."

Kesho anarudi Muyinga na Kihispania chake. Kiti kinabaki Gitega. Na anayetaka kunicheka aje Jumapili, nitamtafsiria kicheko chake.