Siku Delmar Alipoomba Karatasi Nyingine

Sogeeni karibu, enyi mliowahi kupiga kura na enyi mliowahi kuiharibu. Zimeni redio, nanyi wenye kikohozi kohoeni sasa hivi, maana nawaletea habari za vita kuu iliyopiganwa Jumanne moja ya mwezi Mei, katika ukumbi wa chini ya kanisa la Wamethodisti la Pell Crossing, Indiana, kati ya mtu mmoja na sentensi moja. Sikuhadithiwa. Nilikuwa wa tatu katika foleni, nyuma ya mgongo wa shujaa.

Mji wetu, ngome ya mahindi na soya, una wapiga kura mia mbili arobaini na wawili. Kila Novemba ya uchaguzi, tangu enzi ambazo hata makaburi yetu yalikuwa machanga, Warepublikan hupata kura mia mbili arobaini na moja, na Wademokrat hupata moja. Hiyo moja ndiyo iliyotukosesha raha. Ni ya nani? Kwa kukosa ushahidi, mji ukatumia akili: ukamhukumu Bwana Orr, mwalimu wa muziki, kwa kuwa alitoka Chicago, huendesha baiskeli ilhali ana gari, na huvaa skafu hata mwezi Juni. Miaka kumi na mmoja hakualikwa kwenye karamu ya samaki ya wazima moto, wala hakuna pai ya jirani iliyovuka kizingiti chake. Na maskini alikuwa Mrepublikan hadi kwenye uboho. Kila mchujo aliomba karatasi ya Warepublikan kwa sauti ya kuimbia, na watu wakanong'ona: mnaona alivyo mjanja?

Kwa maana Novemba mtu hupiga kura kwa siri, lakini katika mchujo wa Mei, ambapo kila chama huteua wagombea wake, sharti umwambie karani, majirani wakisikia, unataka karatasi ya chama gani. Na hapo ndipo alipojikokota Delmar Hostetler, Simba wa Ghala la Nafaka, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja na goti moja zima. Ile kura moja, enyi wasikivu, ilikuwa yake. Jumapili iliyotangulia alikuwa amemwona Bwana Orr kwenye benchi nje ya duka, siku ya kuzaliwa ya mwalimu huyo, akila peke yake kipande cha pai ya kununua, na moyo wa simba ukanywea kama puto.

Mezani walikaa walinzi wawili. Wa kwanza Wilma Stoops, shemeji yake Delmar, mwenye macho yanayosoma barua ikiwa bado ndani ya bahasha. Wa pili Verlin Kuhn, aliyecheza karata upande mmoja na Delmar kila Alhamisi kwa miaka thelathini. Verlin alikalia kiti cha Wademokrat: kila chama hutakiwa kuwa na mtu mezani, na kwa kuwa Mdemokrat hakupatikana, Warepublikan waliwaazima Verlin, naye akalinda kwa uaminifu heshima ya watu ambao hajawahi kukutana nao.

"Haya, shemeji," akasema Wilma, karatasi ya Warepublikan iko tayari mkononi.

Delmar akashika ukingo wa meza kama dereva wa trekta lililokatika breki.

"Nipe ile nyingine."

"Nyingine ipi?"

"Ya Wademokrat, Wilma."

Tukalisikia hata jokofu likifikiri.

"Delmar," Verlin akauliza kwa upole, "dawa zako umekunywa leo?"

"Nimekunywa zote. Na mnisikilize, msije mkasema hamkuambiwa. Ile kura moja ni yangu. Mwalimu wa watu mwacheni. Kosa lake ni skafu tu."

"Dada yangu, Mungu amrehemu, alijua?" akauliza Wilma.

"Alijua. Alisema bora hiyo kuliko pombe."

Karatasi za Wademokrat zikasakwa kabatini, zikasakwa jikoni, zikapatikana, bado na lakiri yake, zimeuinua mguu mfupi wa meza ya kahawa. Zilipochomolewa, meza iliinama, birika likaanguka, na donati kumi na nne zikafa maji. Delmar akazivuka maiti zao, akapiga kura yake, akatoka bila kuagwa.

Kufikia Alhamisi Bwana Orr alikuwa na pai sita na mwaliko wa samaki. Na kiti cha Delmar kwenye karata wakampa huyo huyo mwalimu.

Alhamisi tatu simba alikaa nyumbani akijichezea peke yake na kujiibia. Ya nne, mlango ukagongwa. Alikuwa Verlin, kofia mkononi.

"Yule mwalimu anatupa turufu kama analisha kuku," akasema. "Tena anaimba tukishindwa. Rudi."

"Na kura yangu?"

"Mpigie hata nguruwe, bwana, mimi sijali. Tumefungwa karata na akina mama wa kwaya mara tatu."

"Mwalimu mtamfukuza?"

Verlin akashusha pumzi. "Tumemhamishia meza ya Wilma, wacheze karata upande mmoja."

Delmar akachukua koti. Na iandikwe, kwa wino usiofutika, kwamba usiku ule Delmar na Verlin waliwafunga wanakwaya kumi kwa nne, na kwamba Wilma Stoops, kwa mara ya kwanza maishani, aliomba kubadilishiwa chama, walau cha karata.