Mitokondria za Mkurugenzi

Kwa furaha isiyo kifani, Idara ya Nishati ilitangaza kwamba mitokondria zote za jimbo la Antioquia sasa ziko chini ya usimamizi wake. Hoja ilikuwa nzito: vidubwana hivyo, vilivyomo ndani ya seli za mwili, huzalisha nguvu, na kila kinachozalisha nguvu ni cha Idara. Kwa hiyo dawa ya majaribio ya ugonjwa wa kusahau, ambayo kazi yake ni kuzichangamsha mitokondria za ubongo, ilichukuliwa kliniki ikafungiwa kabatini ofisini kwa Mkurugenzi, mpaka wagonjwa wakaguliwe mitambo yao hiyo.

Fabiola Arroyave alifika ofisini humo na mumewe Evelio, mchuma kahawa, ambaye asubuhi hiyo alimuuliza kwa adabu zote yeye ni nani. Ilimkata maini Fabiola. Kaka zake Evelio walianza vivyo hivyo, na hakuna aliyefika miaka sitini.

"Daktari," alisema Fabiola, maana mji ule kila mwenye tai ni daktari, "fungua hilo kabati. Mtu wangu anaisha."

"Mama, sheria ni msumeno," alijibu Mkurugenzi Zuluaga. "Mtambo usio na cheti hauendeshwi."

"Cheti anatoa nani?"

"Mkaguzi."

"Yuko wapi?"

"Hajaajiriwa. Subira yavuta heri."

Saa sita ilikuwa imegonga. Harufu ya maharage na nyama ya nguruwe ilipanda kutoka mkahawa wa chini, na Mkurugenzi alikuwa ameshanyanyuka nusu.

"Samahani, daktari," aliuliza Fabiola, "na za kwako zina cheti?"

"Zangu zipi?"

"Mitokondria. Au wewe unatembea kwa kudra tu?"

Mlinzi, mzee Nicanor, anayeheshimu tangazo kuliko mkewe, alilisoma tena ukutani, akaziba mlango.

"Bosi, kaa. Kunyanyuka ni kuendesha mtambo."

"Una wazimu? Na wewe je?"

"Mimi niko kazini, bosi. Sijafanya chochote tangu asubuhi."

Mkurugenzi akakaa. Chini sahani zikagongana, mtu akaagiza nyama ya pili. Alivumilia kizalendo, jasho likimtoka, kisha akaufuta usimamizi wote kwa manufaa ya taifa, na ufunguo wa kabati akaurusha mezani.

Fabiola alifungua, akalikumbatia boksi la dawa huku machozi yakimtoka. Evelio akamtazama yule bwana mwenye tai, aliyejikunja kitini ameshika tumbo.

"Huyu anaumwa nini?"

"Njaa, mume wangu. Dawa yake haihitaji majaribio."

"Maskini," alisema Evelio. "Mpisheni akale."