Kuku Wangu Yuko Mezani Kwako, Mwanangu Bado Yuko Kifungoni

Njia ya Wamaza, msimu wa palizi, 1949

Kwa Bwana Administratere, bomani

Bwana Mkubwa mheshimiwa,

Mimi Octave, mkulima wa pamba kwa amri yako, nakuandikia kwa adabu zote kuhusu kuku wangu. Mwanangu Heri amefungwa kwa sababu shamba letu lilikutwa na majani, halijapaliliwa, na kuku huyo ndiye tuliyemtuma kumwokoa asifungwe. Kuku amefika mbali. Heri bado yuko ndani.

1. Nilimpa Grégoire, monita wa pamba anayekagua mashamba, ili asione majani. Hii ni rushwa ya macho, na kijijini kila mtu anaijua bei yake. Grégoire alipokea, akashukuru, akafumba jicho moja, na kwa lile la pili akaona majani yote.

2. Wala hakumla. Alimpelekea karani wako, ili aandikwe kuwa mfanyakazi hodari. Hiyo ni rushwa ya kalamu. Karani naye akampelekea chifu wetu, ili kesi ya mahari ya mpwa wake iende vizuri. Hiyo ni rushwa ya ukoo, nayo haina aibu, kwa maana inaitwa undugu.

3. Juzi ulipolala kwenye nyumba ya wageni wa Serikali, niliamriwa kukuletea kuni. Nyuma ya jiko nikamkuta kuku wangu amefungwa mguu. Kwetu kila nyumba hukata ukucha mmoja wa kuku wake kuwa alama. Wetu ni wa kati, mguu wa kushoto, na mke wangu Apolline ndiye aliyeukata. Chifu alikuwa amekuletea kama salamu. Nilipomweleza mpishi wako, Ismaël, alinijibu huku akinoa kisu: «Baba, kuku hii haiko yako tena. Iko ya Serikali.» Hii ni rushwa ya heshima. Yenyewe huliwa kwa uma.

4. Kuna na aina nyingine. Pamba hatuili, tunailima kwa lazima, na bei anaipanga mnunuzi mwenyewe. Hapo hakuna aliyetuomba hata yai. Jina lake silijui. Katekista anasema ni sheria.

Sasa, Bwana, sisi hatutoki kijijini bila ruhusa, lakini kuku amepanda vyeo vyote mpaka mezani kwako. Aliyemla kuku amelila na shauri lake. Kwa hiyo naomba umwachie Heri, au unirudishie kuku, akiwa mzima. Mama yake Heri humpelekea sombe, majani ya muhogo, kila Jumapili na kurudi akilia. Inaniuma, nami nimechoka kumwambia kwamba Serikali bado inafikiri.

Nakuinamia kadiri mgongo wa palizi unavyoniruhusu. Msalimie Madamu, askari wote, na kila aliyeonja ule mchuzi.

Octave, baba yake Heri

N.B. Barua ikiwa bado inatafuta mchukuzi, Heri amerudi, ameletwa na Grégoire mwenyewe, na mimi nimefanywa kapita wa pamba, msimamizi wa kukagua mashamba. Karatasi ni ghali, naituma vilevile; uisome kama shukrani. Hayo niliyoyaita rushwa, nimeyatazama tena, ni desturi njema tu. Naishia hapa, mjane Régina amesimama mlangoni na bata. Shamba lake nimelipita asubuhi, majani yamefika kiunoni. Nimemwambia kwa upole kwamba siku hizi tunaanzia mbuzi.