Wazee Thelathini wa Ukumbi Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Barua kutoka idara ya huduma za jamii ya jimbo. Mkaguzi anakuja Alhamisi! Jimbo hulipia chakula cha mchana cha wazee ukumbini kwangu, sharti wawe thelathini kwa siku. Leo kumi na tisa tu. Wakipungua, chakula kinahamia kwa Lorna Pruitt, mji jirani, maili ishirini za barabara yenye barafu. Bi Hazel, miaka themanini na nane, ameuliza kama kesho kuna supu. Nimesema ipo. Sikuweza kumtazama usoni.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata mpango. Timu ya mchezo wa boling ya mpwa wangu Curtis! Vijana kumi na mmoja, wenye njaa daima. Unga nyweleni, miwani, mikongojo ya kuazima, na wazee wangu watatimia thelathini. Curtis akasema huo ni udanganyifu. Nikamwambia ni maigizo. Akauliza kuna chakula gani. Amekubali.
Lorna kapiga simu, eti tukifunga nimwachie meza. Mwanamke huyu!

Alhamisi, 6 Machi
Mkaguzi, Bi Gunderson, mpole, kalamu tatu mfukoni. Ukumbi umejaa. Kisha mvuke wa supu ukalowesha unga. Uji ukamtiririka Curtis mashavuni. Bi Gunderson akamuuliza kazaliwa mwaka gani.
"Tisini na nane," akajibu, mdomo umejaa.
Nikadakia kwamba huo ndio umri wake. Mzee wa miaka tisini na nane akaruka benchi kufuata sahani ya tatu.
Nikakiri yote. Bi Hazel akasimama. "Mama, huyu Vernon kudanganya hajui. Lakini tangu mume wangu afe, naongea na watu hapa tu."
Bi Gunderson akapekua daftari langu, akauliza zile sahani kumi na nne ninazowapelekea wazee wagonjwa majumbani kila siku, mbona sikuzijumlisha. Nikasema nilidhani hazihesabiki.
"Zinahesabika, Vernon. Una thelathini na watatu. Si ungeuliza tu?"
Kaniandikia onyo. Kala supu pia.

Ijumaa, 7 Machi
Chakula kinabaki! Bi Hazel kala mabakuli mawili. Nimeapa kuwa mkweli maisha yangu yote.
Mchana, tangazo jipya: jimbo litalipia mazoezi ya majini kwa wazee, mradi kituo kiwe na bwawa. Bwawa hatuna. Tuna uwanja wa kuegesha magari, umebonyea katikati, na theluji inayeyuka, dimbwi limejaa. Nimepiga picha kwa karibu sana. Imetoka bluu. Fomu nimeituma.