Likelemba ya Majani

Jumatatu, 7 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Magoti yanauma. Uongozi pia unauma.

Leo tena ilikuwa zamu yangu kutoa. Sijatoa.

Naeleza vizuri, maana siku moja watoto wa shule watataka kujua maziwa yalianzaje huku Kisangani, ng'ambo ya mto Tshopo, nao wasidanganywe na Fatouma. Mimi, Hubert Lifoko, ndiye prezida wa chama cha wenye ng'ombe wa maziwa. Tuko wachache, na ng'ombe wenyewe si wengi. Tunakwenda kwa likelemba, kama mama za sokoni wanavyozungusha akiba yao: leo wote wampe huyu, kesho wote wampe yule. Sisi tunazungusha maziwa, ili mwenye zamu abebe bidon, dumu zima lililojaa, si kikombe cha aibu. Na tunazungusha majani. Kila mtu ana kipande chake chenye ua. Ng'ombe wote wanakula kwa mmoja juma zima, halafu wanahamia kwa mwingine, na kile kilicholiwa kinapumzika. Wazo langu! Fatouma, mwanachama mwenzangu, anasema ni lake. Ni kweli alilisema kwanza, lakini aliketi. Mimi nilisimama nikalirudia kwa sauti.

Sasa, Madame Odile, mtaalamu wa majani, atapanda mto kutoka Yangambi juma lijalo. Atachagua malisho ya mfano, na mwenyewe atawekewa kibao barabarani chenye jina lake. Kibao! Je, nifungue ua wangu leo, ng'ombe wa watu wakanyage jina langu? Nikatangaza kwamba kipande changu kina kupe wabaya, hivyo kila mtu arudie zamu yake. Arthur, katibu wangu, alitikisa kichwa kukubali. Rafiki wa kweli. Fatouma akaniuliza mbele ya wote: “Papa Prezida, weye unakulaka tu kwa bantu, ya kwako utatoa siku gani?” Nikamjibu kwamba mambo ya kupe si ya kuchekea.

Alhamisi, 10 Oktoba

Majani yangu yamenifika kifuani. Nimesimama katikati nikafumba macho. Upepo ukapita. Nililia kidogo.

Vipande vya wengine ni huzuni tupu. Vimeliwa, vikaliwa tena kabla ya kuota, sasa mvua imevigeuza tope. Maziwa yamepungua kwa kila mtu. Hata Bibi-arusi wangu anatoa maziwa ya kumkasirisha paka.

Bibi-arusi ni ng'ombe wetu. Mwekundu, na doa jeupe ubavuni kushoto. Sisi ni watu wa mto, wa kwetu Isangi tunajua samaki. Ng'ombe tulimpata kwa mahari. Binti yetu Hélène aliolewa na kijana wa Ituri, na huko kwao mahari ni ng'ombe, hakuna maneno mengi. Kijana akamchukua binti kwenda Bunia, akatuachia mnyama. Tangu siku hiyo mke wangu Vicky anaongea na huyu ng'ombe. Anamwambia bei ya majani ya pondu, nani kafiwa, nani kajifungua. Anamkuna shingo anavyoongea. Mimi haniongeleshi hivyo.

Leo Vicky alisema ng'ombe ana njaa, na majani yako hapo, nyuma ya ua wetu wenyewe. Nikamweleza kwamba uongozi ni kujinyima. Akauliza anayejinyima ni nani. Mwanamke huyu hana siasa.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimemwendea Rashidi, fundi wa rangi, anitengenezee kibao mapema. Kwa nini kungoja? Kimetoka kizuri mno, malisho ya mfano kwa Kifaransa: PÂTURAGE MODÈLE, PRÉSIDENT HUBERT LIFOKO, herufi nyeupe juu ya kijani. Rashidi akauliza kama mgeni ameshachagua. Nikamwambia asitie maji kwenye furaha yangu.

Nimekisimamisha barabarani na kukifunika kwa kitenge cha Vicky. Vicky anakitafuta kitenge chake.

Jumatano, 16 Oktoba

Siku nyeusi.

Madame Odile alifika amelowa, viatu mkononi. Nilimpokea kwa hotuba. Nilikuwa bado kwenye utangulizi aliponipita akaingia katika majani yangu. Akashika shina moja. Akalivunja. Lililia kacha! Akauliza kwa upole kama nalima majani au mifagio.

Kumbe majani huliwa yakiwa machanga! Yakipita magoti yanakuwa mti, hayana utamu wala nguvu. Alisema kipande kisicholiwa kinaharibika sawasawa na kinacholiwa bila kupumzika. Aliyasema haya polepole, mbele ya chama chote. Nikamwambia kwamba ng'ombe wetu wana meno ya kipekee. Akasema haya, aletwe mmoja tuone.

Akaletwa Bibi-arusi. Wangu mwenyewe! Nilimlisha kwa mkono wangu siku alipofika amechoka na njia. Akanusa majani yangu. Akanitazama. Akapiga hatua moja kwa moja mpaka kwenye ua wa Fatouma, akanyoosha shingo juu ya miti na kulamba hewa. Watu walicheka mpaka Arthur akaketi chini. Arthur!

Fatouma ametenga kona moja ya kipande chake, haijaguswa hata na tope hili. Amepanda kunde kati ya majani, ili udongo urudishe nguvu. Madame Odile alipiga magoti pale kama yuko misa. Akasema ng'ombe wasiingie mapema, kunde changa zenye umande zinavimbisha tumbo. Wangoje jua likaushe, waingie wameshiba kidogo, na watolewe haraka. Maneno marefu. Mimi nilielewa jambo moja: Fatouma ana kitu kitamu na ameweka sheria ili asitoe.

Kibao ni cha Fatouma. Madame Odile alikivua kitenge na kusema kimeandikwa vizuri, kibadilishwe jina tu. Rashidi alikuwa na brashi mfukoni. Na Vicky akachukua kitenge chake bila kunitazama.

Ijumaa, 18 Oktoba

Wanataka kupiga kura. Jumapili, baada ya kanisa. Arthur ndiye aliyeandaa, eti kwa faida ya chama. Kikulacho ki nguoni mwako, na wangu nilimnunulia hata kofia.

Nimekaa jikoni asubuhi nzima nikiwaza. Vicky alisema nimwache Fatouma aongoze, yeye anajua ng'ombe tangu kwa babu zake, mimi nifungue ua wangu, nifyeke ile mifagio, majani yaote upya. Mtu anayetoa kwa hiari atakumbukwa na nani?

Nimepata! Kesho maziwa yote ni zamu yangu kupokea. Nitayachemsha, na Jumapili nitapika chai ya maziwa kwa mkutano mzima, na mikate. Tumbo lililokunywa chai yako halikunyimi kura. Ila maziwa ni kidogo, ng'ombe hawali kitu. Basi ng'ombe wangu ale vizuri kesho alfajiri, kabla ya kukamuliwa. Ale wapi?

Chama ni cha wote. Kunde ni za wote.

Jioni hii sikumpa Bibi-arusi chochote, ili kesho awe na hamu. Analia zizini. Vicky ameuliza kwa nini analia. Nimesema ni mawingu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilimtoa kukiwa na ukungu bado. Niling'oa miti miwili ya ua wa Fatouma. Aliingia haraka. Alikula kama mtu aliyetoka safari ndefu akakuta chungu jikoni. Umande ulikuwa unamtoka mdomoni. Nilisimama kando yake nikahesabu vikombe vya chai, nikafurahi. Niliwahi hata kumwambia kula, mama, kula, ni siku yetu.

Jua lilipotoka aliacha kula. Nikadhani ameshiba. Akalala, akasimama, akalala. Ubavu wa kushoto ukaanza kupanda. Lile doa jeupe likapanuka, likapanuka, mpaka ngozi ikakaza kama ngoma. Nilimsukuma tumbo kwa mikono miwili. Nikamwomba. Halafu nikapiga kelele, na mtu wa kwanza kufika alikuwa Fatouma.

Hakuniuliza kitu. Aliona ua, aliona kunde, aliona ng'ombe. Akatuma mafuta ya ngazi, yaani mawese, yaletwe, akamsimamisha kichwa kielekee juu kilimani, akampachika kijiti mdomoni atafune ili upepo utoke. Tulimnywesha mafuta. Vicky alikuja anakimbia bila viatu. Alimshika sikio, akaanza kumwambia mambo, upesi upesi, kama mtu ambaye salio la simu linamwishia. Sikuyasikia yote. Nilisikia Hélène, mara nyingi.

Bibi-arusi hakuweza tena kusimama. Fatouma akaniambia, polepole: “Papa Hubert, tumwite Yusufu na kisu, kabla hajakufa yeye mwenyewe. Hata nyama itapotea bure.” Aliniita Papa Hubert, si Prezida. Yusufu mchinjaji alikuja, akamgeuza kichwa, akasema bismillahi.

Vicky yuko zizini. Amekaa tu. Nilimpelekea lituma ya ndizi, sahani bado iko mlangoni.

Jumapili, 20 Oktoba

Mkutano ulifanyika.

Niliona kwamba chai haipo, lakini nyama ipo. Nyama nyingi. Chama kizima kiliombwa kuja mapema. Niliipikisha kwa pilipili na vitunguu, nikawagawia mwenyewe, vipande vikubwa kwa wenye shaka. Nikazungumza juu ya kujitoa kwa kiongozi. Nikawaambia yupi kati yenu aliyewahi kukitolea chama ng'ombe mzima? Walisema hapana, hakuna. Walikuwa wanatafuna.

Fatouma hakula. Alitengeneza ua wake kwanza, akaja amechelewa, mikono ina udongo. Hakusema juu ya kunde. Nilingoja aseme, nilikuwa nimeandaa majibu.

Arthur alihesabu kura, mfupa mkononi. Nilipata kura moja. Naifahamu, niliiandika mimi. Wote wengine wamempa Fatouma, midomo ikiwa bado inang'aa mafuta ya ng'ombe wangu. Jambo lake la kwanza kama prezida: kesho ua wangu ufunguliwe, mifagio ifyekwe, na kipande kiingie zamu kama vingine. Akasema pia kwamba mimi nibaki mwanachama, hata bila ng'ombe, nipewe zamu ya maziwa mpaka nijipange. Watu wakapiga makofi. Kunidhalilisha hadharani namna hiyo!

Vicky hakula. Hakuja. Nilimkuta jikoni anaongea kwa simu, akaikata nilipoingia.

Jumanne, 22 Oktoba

Wamefyeka majani yangu jana. Leo, kwa sababu ya mvua, yameshaanza kutoa vichwa vidogo, kijani kabisa. Hakuna wangu wa kuyala. Nilikaa hapo kidogo. Kuna kamba yake bado imefungwa kwenye mti. Sikuifungua.

Mchana Hélène alinipigia. Huko Ituri ng'ombe wa mahari anasalimiwa kama mkwe: kabla ya kuuliza habari ya mzazi, wanauliza habari yake. Akauliza Bibi-arusi anaendeleaje. Nikasema mzima, mnene, anakusalimia sana. Kisha akasema anataka kumsikia sauti.

Nikamwambia asubiri. Nikaenda nyuma ya jiko, nikafunika simu kwa kiganja, nikavuta pumzi, nikalia kama ng'ombe. Nililia vizuri. Kuku walikimbia. Nilipogeuka Vicky alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya kukamulia. Haina kazi tena ile ndoo, lakini anaiosha kila siku.

Nikairudisha simu sikioni. Halafu Hélène akasema: “Papa, acha. Mama alishaniambia siku ya Mungu, Jumapili ile ile.” Akalia. Si kwa sauti, nilisikia tu pua yake. Akasema bado hajamwambia mume wake, hajui ataanzia wapi, na mume wake anakuja Kisangani Desemba kutusalimia, na jambo la kwanza atakwenda zizini. Akaniomba nimpigie mkwe wangu mimi mwenyewe, kama mzazi, nimwambie ukweli. Hilo tu. Nikamwahidi.

Nimewaza tangu hapo. Kosa langu nimeliona: sauti ilitoka kooni. Ng'ombe wa Ituri analia kutoka tumboni. Kesho asubuhi nitasimama kwenye ua wa Fatouma nisikilize vizuri. Na pale pale nitamwangalia yule ng'ombe wake mwekundu, maana Desemba si mbali, naye Fatouma nikimwomba huyo ng'ombe kwa siku mbili atanipa, huyu mwanamke hajui kunyima. Doa lake liko ubavu wa kulia, si kushoto. Rashidi ana rangi nyeupe iliyobaki ya kibao.