Mwamba Uliopakwa Mafuta

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Kanisa linatafuta picha ya mbele ya kalenda ya mwakani. Kila mwaka anashinda Mwau, mpiga picha wa kule mjini Salama, na picha ni ileile: pasta, Biblia, tai nyekundu. Safari hii ni mimi! Nitapiga mwamba wetu hapa Kilungu, lakini si mwamba mzima. Ufa mmoja tu, na vile kuvu ya kijani inakutana na jiwe jekundu. Mtu asijue kama ni jiwe ama ni mbingu. Mke wangu Muthoki amesema nikishindwa tena, kamera inauzwa, ananunua mbuzi. Mbuzi!

Jumatano, 5 Novemba

Nimelalia tumbo kwa mwamba asubuhi yote. Picha zote kijivu. Muthoki ameuliza kama nimepiga picha goti langu. Nikakumbuka: jiwe likilowa, rangi zinatoka. Lakini maji hukauka na jua. Mafuta je? Nikabeba mtungi wa mafuta ya kupikia, yale ya chapati za wageni wa kanisa, nikapaka mwamba kwa ufagio. Woi, uliwaka! Nimepiga mpaka betri ikafa. Mwau kwisha!

Alhamisi, 6 Novemba

Imenyesha alfajiri. Sasa, huu mwamba ndio unatutegea maji. Mvua ikishuka inafuata ukuta mdogo wa simiti mpaka kwa tangi la kanisa. Kila mtu anajua. Hata mimi najua, nilisahau tu! Akina mama wamefungua mfereji, ikatoka supu. Mwenyekiti wao Kaluki amenusa, akasema hayo ni mafuta ya chapati. Wote wakamwangalia Muthoki. Muthoki akaniangalia mimi. Aibu!

Jumamosi, 8 Novemba

Hukumu: tangi limwagwe, nami nisugue mwamba kwa jivu, peke yangu. Picha zangu zimekataliwa bila kutazamwa. Kamera imeuzwa. Nani kanunua? Mwau! Akaja kuijaribia pale nasugua. Nikamwambia atoke. Akasema mwamba si wa babangu. Imeniuma kweli. Nimelia kidogo, nikasingizia jivu.

Jumapili, 9 Novemba

Kalenda imetangazwa. Picha ya mbele ni mimi! Magoti chini, matako juu, ndoo kando. Maneno: "Mtumishi Mwaminifu." Kanisa zima makofi. Pasta amempa Mwau mkono. Muthoki amecheka mpaka kitambaa kikaanguka.

Lakini tuambiane ukweli. Nani anaangalia matako? Angalia kona ya kushoto, pale nilikuwa sijasugua. Inavyong'aa! Hiyo ni kazi yangu. Shida ilikuwa mafuta mepesi, ndiyo mvua ikayabeba. Samli ingeshika.

Nimechungulia jikoni. Iko nusu debe.